Nadhiri hulipwa: Ukatoliki wa Wareno nilioukuta Minho

Kijiji nilichofanyia kazi kiko Minho, kaskazini mwa Ureno, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka Braga. Paroko wake anahudumia parokia nne. Jumapili anaadhimisha Misa, anabariki, anavua kanzu, anaingia kwenye gari na kuwahi kanisa linalofuata. Waliomo kanisani wengi ni kina mama wenye mvi, na wanaume wachache wanaosimama nyuma karibu na mlango. Hakuna jumuiya ndogo ndogo, hakuna WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki wa Tanzania, hakuna kwaya yenye mazoezi mara tatu kwa wiki. Mimi nimekulia Masasi, kusini mwa Tanzania, ambako asiyeonekana jumuiya hufuatwa nyumbani kuulizwa kama anaumwa. Kwa macho ya kwetu, lile lilikuwa kanisa la watu waliokwisha acha dini.

Lakini katika sensa ya mwaka 2021, karibu watu 80 kati ya kila 100 waliojibu swali la dini nchini Ureno walisema ni Wakatoliki. Watu hao hawasemi uongo. Nimekaa nao, nimepika nao, nimetembea nao kando ya barabara kuu kabla ya mapambazuko. Naandika haya kwa sababu wenzetu wengi wakifika Ulaya huona benchi tupu Jumapili, kisha hupiga simu nyumbani kusema Wazungu wamemwacha Mungu. Kwa Wareno habari si nyepesi hivyo.

Niliajiriwa na familia moja kumtunza mama yao, mjane aliyepita miaka 75 ambaye nyonga zilikuwa hazimbebi tena. Kireno nilikuwa nacho tangu utotoni, maana upande wa mama yangu ni Wamakonde wa Mueda, Msumbiji, na likizo zetu tulikuwa tukivuka Ruvuma kwenda na kurudi. Nilimwita Avó, yaani Bibi, kama wajukuu zake walivyomwita. Yeye aliniita binti yangu tangu wiki ya kwanza.

Pasaka ya mwaka 2022 ndiyo iliyonifumbua macho. Kwa sababu ya korona, Msalaba ulikuwa haujazunguka nyumba kwa nyumba miaka miwili, na kijiji kizima kilikuwa na hamu nao. Desturi hii wanaiita Compasso. Jumamosi Kuu tulifagia njia kutoka getini hadi sebuleni, na asubuhi ya Pasaka binti wa Avó akaja na kapu la maua ya kamelia. Tuliyachambua petali moja moja, tukazimwaga mlangoni pamoja na majani ya rozmari, zikawa zulia la kukanyaga. Zulia hilo ni tangazo: nyumba yenye maua mlangoni inaupokea Msalaba, isiyo na maua hupitwa bila lawama. Mezani tulitandika kitambaa cha kufuma ambacho hakitoki kabatini siku nyingine. Tukapanga keki ya pão de ló, lozi zilizopakwa sukari, chupa ya mvinyo wa Porto, na bahasha ya sadaka ikiegemezwa kwenye bakuli.

Kengele ndogo ilisikika kwanza kwa majirani. Kisha wakaingia: mtoto mwenye kengele, mwanamke mwenye ndoo ya maji ya baraka, na wanaume wawili waliovaa vazi jekundu mabegani, mmoja amebeba Msalaba uliofungwa utepe na maua. Padre hakuwepo. Kwa parokia nne hawezi kufika kila nyumba, hivyo walei ndio wanaozunguka. Walitangaza kwamba Kristo amefufuka, wakanyunyiza maji, na Msalaba ukapitishwa kwa kila mmoja aubusu, kuanzia mkubwa.

Aliyeubeba kumpelekea Avó kwenye kiti chake alikuwa mkwe wake, fundi wa magari wa Braga. Mkwe huyo hujitambulisha waziwazi kuwa Mkatoliki asiyesali. Tangu harusi yake huingia kanisani siku za maziko tu. Lakini asubuhi ile alikuwa amevaa koti la suti, ameufungua geti mwenyewe tangu saa mbili, na alipoubusu Msalaba macho yalimlenga machozi. Baadaye, tukiosha vyombo, nilimuuliza kwa nini yeye, asiyekwenda Misa, anajali hivi. Akanijibu: “Baba yangu aliupokea, na babu yake aliupokea. Nikifunga mlango, nitakuwa nimemfungia nani?”

Nchi hii ina watu wengi kama yeye. Ukatoliki wao haumo katika daftari la mahudhurio. Umo katika Msalaba unaoingia nyumbani, katika makaburi yanayosuguliwa na kujazwa maua ya krisanthemu kila tarehe 1 Novemba, na katika Misa ya siku ya saba baada ya kifo ambayo hata mjomba asiyeamini chochote hathubutu kuikosa. Agosti, wanakijiji waliohamia Ufaransa, Uswisi na Luxembourg wanaporudi likizo, wanaume hugombea kubeba sanamu ya mtakatifu wa kijiji mabegani, na watu hubandika noti za euro kwenye utepe wake. Watakatifu kwao ni ndugu. Usiseme mbele ya Avó “Antoni wa Padua”. Mtakatifu huyo alizaliwa Lisbon karibu mwaka 1195, na Avó hakukubali Waitalia wamchukue. Bikira Maria naye ni malkia kwa maana halisi: mwaka 1646 Mfalme João IV alimkabidhi taji la nchi, na tangu hapo hakuna mfalme wa Ureno aliyevaa taji kichwani.

Ila kinachobeba vyote hivyo, kwa nilivyoona, ni nadhiri.

Mreno akibanwa na shida haombi tu. Anaahidi. Mtoto akipona nitakwenda Fatima, kwenye hija ya Bikira Maria, kwa miguu. Mume akipata kazi nitazunguka kikanisa kwa magoti. Na akishapata alichoomba, lazima alipe, hata kama ni miaka thelathini baadaye, hata kama imani yenyewe imepoa. Nimesikia wanawake sokoni wakiulizana, “Umeshalipa ile yako?” kama watu wanaoulizana kuhusu deni la dukani, tena kwa uzito zaidi. Kanisa lenyewe halimlazimishi mtu, na mapadre huwashauri wazee wabadilishe nadhiri nzito kuwa sala au sadaka kwa maskini. Wazee huitikia, kisha huenda wakalipa walichokiahidi.

Hadithi ya nadhiri ya Avó niliipata jikoni. Tulikuwa tunatengeneza caldo verde, ile supu ya viazi na sukuma wiki iliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Yeye alikuwa anakata akiwa amekaa, amelikunja fungu la majani kwa mkono wa kushoto na kisu kinapita bila yeye kukitazama. Aliniuliza kwa mara nyingine kwetu ni wapi hasa. Nikamweleza Masasi, nikamweleza Mto Ruvuma, nikasema ng'ambo ndiko kwao mama yangu, Mueda.

Kisu kikasimama. “Mueda,” alisema. “Mume wangu alikuwa Mueda.”

Picha yake ilikuwa sebuleni, nilikuwa naifuta vumbi kila wiki bila kumuuliza: kijana mwembamba mwenye sare za jeshi, nyuma yake ardhi nyekundu. Vita vya uhuru vya Msumbiji vilianza Septemba 1964, na vijana wa vijiji kama hiki, wengi wao wakulima ambao hawakuwa wamewahi kuiona bahari, walipakiwa melini Lisbon kwenda kupigana. Yeye alipelekwa mwaka 1969. Avó alikuwa mchumba wake. Aliahidi kwamba akirudi hai atakwenda Fatima kwa miguu, atafika Kikanisa cha Matokeo, pale inaposemwa Bikira alitokea, kwa magoti, na atachoma mshumaa wa urefu wa mchumba wake. Alirudi mwaka 1971. Wakaoana, na Mei iliyofuata Avó akatembea na wanawake wa kijiji zaidi ya kilomita 200, wakilala kwenye mazizi ya watu.

Mwaka 1970, jeshi la Ureno lilipoanzisha operesheni kubwa kwenye nyanda za juu za Wamakonde, bibi yangu mzaa mama alikimbia na watoto wake, mama yangu akiwa mgongoni. Walitembea usiku, mchana wakajificha porini, wakavuka Ruvuma kuingia Tanzania, wakaishia kambi ya wakimbizi ya Rutamba, Lindi. Bibi yangu alikuwa Mkatoliki, aliyebatizwa na wamisionari wa Kiholanzi wa misheni ya Nangololo. Njia nzima alisali rozari. Alimwomba Mama Maria ndege za Wareno zisiwaone.

Nilimwambia Avó hayo yote. Sikuona sababu ya kumficha, naye hakutaka kufichwa. Alilia, nami nikalia. Kisha akaniuliza swali ambalo Mtanzania asingeuliza: “Na bibi yako, alilipa?”

Nilimweleza kwamba bibi yangu hakuweka nadhiri, aliomba tu. Avó alitikisa kichwa. “Aliomba akapewa. Ninyi nyote mpo hai. Hilo halikai hivihivi.”

Nimelifikiria swali lile mara nyingi. Mimi siamini kwamba Mungu anamdai mtu. Nilifundishwa neema hutolewa bure, na bado naamini hivyo. Lakini nilielewa alichokuwa anakishika Avó: kwake yeye, kupewa bila kuitikia kwa mwili wako, kwa miguu yako na magoti yako, ni kukosa adabu. Na kulikuwa na jambo jingine lililonielemea zaidi. Wanawake wawili, pande mbili za bunduki, walimlilia Mama mmoja kwa rozari ileile, na wote wawili walisikilizwa. Sijui mwanateolojia angesema nini. Mimi ninachojua ni kwamba baada ya siku ile sikuweza tena kuuita Ukatoliki wa Wareno dini ya wakoloni na kuishia hapo.

Kwa sababu ulikuwa hivyo pia, na si haki kulificha. Mwaka 1940 Ureno na Vatikani walitia saini Konkordati, yaani mkataba kati ya Serikali na Kanisa, pamoja na mapatano ya kimisionari. Serikali ya dikteta Salazar ikafadhili misheni za makoloni, na misheni zikategemewa kuwafanya Waafrika kuwa Wareno. Kardinali Cerejeira wa Lisbon alikuwa rafiki wa Salazar tangu wakiwa vijana wasomi Coimbra, wakiishi nyumba moja. Wanajeshi walipelekwa vitani na makasisi wa jeshi na baraka. Lakini wapo waliokataa. Askofu António Ferreira Gomes wa Porto alimwandikia Salazar mwaka 1958 kumkosoa, akaishi uhamishoni miaka kumi. Padre Mário de Oliveira, paroko wa Macieira da Lixa, si mbali na kwetu Minho, alifungwa kwa kuhubiri dhidi ya vita. Mapadre Weupe, shirika la wamisionari, waliondoka Msumbiji mwaka 1971 kwa sababu hawakuweza tena kunyamaza. Mwishoni mwa Desemba 1972, Wakatoliki walikusanyika kanisa dogo la Rato, Lisbon, kufunga na kusali dhidi ya vita, na polisi wakawafuata humohumo. Aprili 1974, Askofu Manuel Vieira Pinto wa Nampula alifukuzwa Msumbiji, na kabla mwezi huo haujaisha serikali iliyomfukuza ikaanguka. Nilipomsomea Avó majina haya, alimjua askofu wa Porto peke yake. “Watu walimtaja kwa kunong'ona,” alisema.

Wiki hiyohiyo alinituma sakristia na bahasha yenye euro 10 na kikaratasi chenye jina la bibi yangu, aombewe Misa. Kule nia za Misa husomwa mwanzoni, majina ya marehemu mmoja mmoja, na watu husikiliza kwa makini kuliko wanavyosikiliza mahubiri. Padre alifika kwenye jina la Kimakonde akakwama, akajaribu, akarudia. Vichwa viligeuka kunitazama. Baada ya Misa kina mama walinizunguka nje kuuliza marehemu ni nani wangu, nikawaeleza ni bibi. Kesho yake jirani ambaye hakuwahi kunisalimia zaidi ya kuinua mkono alileta mayai na kichwa cha kabichi, akasema pole kwa msiba, ingawa bibi yangu alikufa miaka mingi iliyopita. Hapo ndipo nilipoiona jumuiya yao. Ipo, ila hukusanyika kuzunguka wafu.

Februari 2023 Tume Huru iliyoombwa na maaskofu ilitoa ripoti kuhusu unyanyasaji wa kingono wa watoto ndani ya Kanisa la Ureno. Ilipokea shuhuda 512 zilizothibitishwa, ikakadiria wahanga wasiopungua 4,815 tangu mwaka 1950. Televisheni haikuzungumzia kingine. Avó alisikiliza mpaka mwisho, akazima, akabaki na rozari mkononi bila kuisali. Binti yake alikasirika kwa namna ambayo sijaisahau. Alisema bahasha haitoki tena katika nyumba hii mpaka maaskofu wawaangalie wale watu usoni. Na kweli, Pasaka ile zulia la maua lilitandikwa na Msalaba ukabusiwa, lakini mezani hapakuwa na bahasha.

Mei, mtu wa kwanza kujiandikisha kwenda Fatima kwa miguu alikuwa yeye. Nilimuuliza inakuwaje. “Ninatembea kwa ajili ya Mama,” alisema. “Maaskofu hawanihusu.” Nilimwelewa, ingawa moyoni naona maaskofu wanatuhusu sana, na kwamba hasira yake ya haki ilistahili kusikika ndani ya parokia, si jikoni tu. Wareno wana tabia hiyo: wakichukizwa na mapadre hawalihami Kanisa wala hawaligombezi, wanalizunguka tu na kwenda moja kwa moja kwa Bikira.

Nilikwenda naye. Avó alilipia chakula changu na kunipa viatu vya binti yake mwingine, vilivyokwisha zoea barabara. Viatu vipya ni adui wa hujaji, hilo hurudiwa kila mkutano wa maandalizi. Tulivaa vizibao vya kung'aa, tukaondoka usiku wa manane, mstari mmoja pembeni mwa barabara, gari la huduma likitangulia na maji, machungwa na magodoro. Malori ya Barabara ya Kitaifa namba 1 yalitupita karibu hadi nguo zikapepea. Usiku tulilala katika kumbi za zimamoto wa kujitolea, na kwenye vituo vya njiani wahudumu wa Shirika la Malta walituosha miguu. Nasema kutuosha, si kutukagua. Kijana wa chuo kikuu alipiga magoti akaushika mguu wangu, akapitisha sindano yenye uzi uliolowekwa dawa ndani ya lengelenge, akauacha uzi humo ili maji yaendelee kutoka. Alikuwa ananiuliza kuhusu Kilimanjaro ili nisisikie uchungu.

Katika kundi letu alikuwamo mwenye baa, mwalimu mstaafu, wasichana wawili wa saluni, na mwanamume aliyetuambia siku ya kwanza kwamba hana hakika kama Mungu yupo, ila mkewe alipona saratani na alikuwa ameahidi. Hakuna aliyemshangaa. Asubuhi tulisali rozari kwa sauti, mchana kila mtu alinyamaza na wake.

Fatima yenyewe ni uwanja mkubwa mtupu unaoteremka, na chini yake, upande wa kushoto, kijengo kidogo cheupe chini ya paa pana. Pale ndipo watoto watatu wachungaji, Lúcia, Francisco na Jacinta, walisema walimwona Bikira juu ya mti mdogo tarehe 13 Mei 1917, na mara nyingine kila mwezi hadi Oktoba. Francisco na Jacinta walikufa wakiwa bado watoto, na Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu tarehe 13 Mei 2017. Taji la sanamu lilitengenezwa mwaka 1942 kwa vito vya dhahabu vilivyotolewa na wanawake wa Ureno kushukuru kwamba nchi haikuingia Vita Kuu ya Pili, na ndani yake sasa imo risasi iliyompiga Papa Yohane Paulo II tarehe 13 Mei 1981. Nilitazama taji lile nikifikiria pete na hereni za akina mama wa vijijini, na vita vingine vilivyokuja baadaye ambavyo vito havikuvizuia.

Njia ya marumaru kuelekea kikanisani imesuguliwa na magoti. Binti wa Avó alipiga magoti akaanza kuteremka, mwanawe akimshika mkono. Mimi nilitembea kando yao, kwa miguu. Nilikuwa nimekuja kushukuru, na niliona shukrani yangu inatosha ikiwa imesimama. Kisha tukaenda mahali pa mishumaa. Joto la pale hukurudisha nyuma: nta inayeyuka na kutiririka, moshi mweusi, watu wanarusha mishumaa mirefu kutoka mbali, na vilevile miguu ya nta, matiti ya nta, vichwa vya watoto vya nta, kila kiungo kilichopona. Nilinunua mshumaa wa kimo changu, kwa sababu sikujua kimo cha bibi yangu, na watu wa kwetu husema nimemfuata yeye. Niliutumbukiza nikamtaja kwa Kimakonde.

Usiku wa tarehe 12 uwanja ulijaa hadi kwenye barabara. Kila kiitikio cha wimbo wa Ave mishumaa ilipanda juu kwa pamoja. Yule mwanamume asiye na hakika alikuwa anaimba kwa sauti kubwa kutushinda wote.

Tulirudi kwa basi. Avó alikuwa macho anatungoja, na kabla hatujavua viatu aliuliza kama mshumaa uliungua wote au ulianguka pembeni. Nikamwambia uliungua wote. Akaniagiza nimpigie mama yangu Masasi, usiku uleule, nimwambie imelipwa. Mama alisikiliza, akakaa kimya kidogo, kisha akasema atatoa Misa ya shukrani parokiani Jumapili na kuialika jumuiya nzima nyumbani kwa chai. Alitaka pia jina la Avó na la marehemu mumewe, yasomwe pamoja na la bibi yangu. Avó aliposikia hivyo aliomba kalamu, akaandika majina yote mawili kwa herufi kubwa nyuma ya kalenda ya parokia, nami nikamsomea mama herufi moja moja mpaka akasema ameyapata.